Tajiri wa Mayai

Kama hukulipata gazeti la Jumapili iliyopita, usijilaumu. Hata mimi Jumapili ile ningefurahi kuikosa.

Kwa kifupi: mimi ni mnunuzi wa chakula katika hoteli moja kubwa yenye lifti mbili, moja mbovu. Niko kwenye majaribio ya kazi. Tulipoachana, malori yalikuwa yamegoma, maziwa yangu yameharibikia njiani, na wageni wa hoteli nzima wamekunywa chai ya rangi bila kupenda. Meneja akaniita ofisini. Alikuwa anatabasamu, na meneja wetu akitabasamu ujue kuna mtu ataumia.

"Kosa moja tena," akasema, "na wewe unarudi nyumbani kumsaidia mkeo kushona."

Mke wangu ni fundi cherehani. Mimi hata kutunga uzi kwenye sindano sijui. Kabla ya kazi hii nilikaa nyumbani muda mrefu nikila jasho lake, na hakuwahi kuninyanyasa kwa hilo hata siku moja. Ndiyo maana kazi hii niliishika kwa mikono miwili na meno. Siku hizi mke wangu ananiita bosi, na haniiti kwa kejeli.

Sasa sikia. Watu wanadhani mnunuzi wa hoteli ndiye anayeamua wageni wale nini. Wanajidanganya. Mvua ndiyo inayoamua. Bei ya mafuta ndiyo inayoamua. Kuna mtu mmoja mwenye muhuri, ofisi yake huijui, sura yake huijui, lakini akiamka vibaya wageni wako watakula mkate mkavu. Kazi yangu mimi ni kutia saini na kutukanwa.

Jumatatu asubuhi mtu huyo akaamka vibaya.

Tulikuwa jikoni. Redio ikasema ugonjwa wa kuku umezuka ng'ambo ya mto, na kuanzia saa ile hakuna kuku, hakuna yai, hakuna hata trei tupu itakayovuka daraja mpaka hapo itakapotangazwa tena. Mayai yetu yote yanatoka ng'ambo ya mto.

Mpishi mkuu akapunguza sauti ya redio. Ni mtu mwenye mwili mkubwa na sauti nyembamba, na akiwa na wasiwasi sauti inazidi kuwa nyembamba.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Alhamisi jioni tunapokea watu wa mkutano. Unajua ni wa nani?"

Sikujua. Mimi huwa nahesabu matumbo, siulizi vyeo.

"Madaktari wa mifugo. Wanakuja kuujadili huo huo ugonjwa wa kuku. Na wameagiza wenyewe kwamba Ijumaa asubuhi wanataka mayai. Ya kuchemsha, ya kukaanga na ya kuvuruga."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Si wao ndio waliofunga daraja?"

"Ndio wao."

"Halafu wanataka mayai?"

"Daraja wamelifunga kikazi. Mayai wanayataka kama wageni."

Kabla sijapata la kusema, meneja akapita na kikombe chake mkononi.

"Mnunuzi, mayai ya madaktari yapo?"

"Yapo, bosi. Nimeshayapanga."

Akatabasamu, akaenda zake. Mpishi mkuu akaniangalia kama mtu anayeangalia jeneza likipita.

Hapa naomba utulie, maana hapa ndipo nilipojiroga mwenyewe.

Katika kazi yetu hakuna mnunuzi mwenye akili timamu anayemtegemea dalali mmoja. Dalali atakuapia kwa marehemu mama yake, kisha simu yake haipatikani. Kwa hiyo ukitaka mzigo mmoja unauagiza kwa watu watatu, kila mmoja kwa siri. Wa kwanza kufika ndiye unayempokea. Wengine unawaambia, pole sana, mgeni amefuta safari. Wanunuzi wote wanafanya hivyo na wote wanakana.

Nikawapigia simu watatu. Wa kwanza tunamwita Kesho Asubuhi, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Wa pili ni Mjomba, ambaye si mjomba wa mtu yeyote ninayemjua. Wa tatu ni mwanamke mwenye pikipiki, tunamwita Upepo.

Kila mmoja nikamwagiza trei mia moja. Na kila mmoja nikamwapisha asitaje hoteli kwa mtu yeyote, kwa sababu mwenye mali akisikia neno hoteli, bei inapanda papo hapo. "Sema umetumwa na tajiri mmoja," nikawaambia. Nilijiona mjanja sana.

Jumanne, Kesho Asubuhi akapiga simu.

"Bosi, mambo si mambo. Kuna tajiri ameingia mjini. Anafagia mayai yote."

"Tajiri gani?"

"Hajulikani. Nikifika kwenye banda naambiwa kuna mtu wake ametangulia, ametaja bei kubwa kuliko yangu."

"Ongeza bei."

Sijakaa vizuri, Mjomba naye huyu hapa. "Mpwa wangu, matajiri ni wawili. Wanashindana wao kwa wao, sisi wadogo tunakanyagwa."

"Ongeza bei, Mjomba."

Upepo hakupiga simu. Alikuja mwenyewe na pikipiki mpaka mlango wa nyuma, pale tunapopokelea mizigo, hajavua hata kofia. "Bosi, huyo jamaa ana roho mbaya. Jana jioni bei ilikuwa moja, leo asubuhi nyingine, nikifika na hiyo nakuta imepanda tena. Anajuaje bei yangu?"

"Ana watu wake," nikasema. "Ongeza."

Jumatano mji mzima ulikuwa unamzungumza tajiri wa mayai. Madukani hakuna yai. Mama anayeuza chai pembeni ya hoteli yetu aliniwekea mkate mtupu kwenye sahani.

"Leo hakuna yai, kaka. Kuna mwehu mmoja anayanunua yote, sijui anataka kuyajengea nyumba."

"Watu wengine hawana huruma," nikamwambia, nikatafuna mkate wangu kwa uchungu.

"Mungu atamlipa."

"Amina," nikajibu. Nilijibu kwa moyo wangu wote.

Mpishi mkuu alisema ni hoteli pinzani, ile ya kule mlimani. Meneja akasema haidhuru ni nani, mpige bei mpaka aombe poo. Nikampiga bei. Nilimpiga bei Jumatano asubuhi, nikampiga tena saa sita. Yule bwana alikuwa sugu. Kila nikipanda naye anapanda.

Saa nane Kesho Asubuhi akapiga tena, anahema.

"Bosi, nimeyapata! Kuna bibi mmoja ana mayai chumba kizima, yamepangwa mpaka dirishani. Lakini hauzi. Anasema matajiri bado wanapanda, na yeye hana haraka. Njoo uzungumze naye mwenyewe."

"Wapi huko?"

"Ukipita mashine ya kusaga, nyumba ya tatu. Ina geti la bluu, rangi imechuruzika."

Nikakaa chini. Geti hilo nalijua. Nililipaka rangi mimi mwenyewe siku chache kabla ya ndoa yangu, mvua ikaninyeshea rangi ikiwa mbichi, na mwenye geti hajanisamehe hadi leo.

Ni geti la mama mkwe.

Lazima nikueleze jambo moja kuhusu mimi na mayai ya mama mkwe. Wakati ule sina kazi, kila mwisho wa mwezi alikuwa anatuletea trei. Hakuwa ananipa mimi. Anasimama mlangoni, anamwita binti yake, anampa mkononi, na anasema kwa sauti ya kunifikia nilipo: "Haya ni yako, mwanangu, ule upate nguvu." Kisha ananisalimia kwa upole kabisa na kuondoka. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama ule upole. Siku nilipopata kazi hotelini nilimwambia mke wangu asinitajie tena mayai ya mama yake mpaka nife.

Sasa nilikuwa nayafuata kwa miguu yangu.

Nilisukuma geti. Uani kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wamekaa watu watatu ambao hawatazamani, kila mmoja amebana trei tupu kifuani. Kesho Asubuhi. Mjomba. Upepo.

Waliponiona wakasimama wote kwa pamoja.

"Bosi!"

Kesho Asubuhi akamgeukia Upepo. "Bosi wako nani?"

"Huyu hapa."

"Huyu ni wangu."

"Jamani, ngojeni kwanza," Mjomba akasema taratibu, huku rangi ikimtoka usoni. "Mpwa wangu, ngoja kwanza."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Nikajikunja kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Kazini hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Hawa wageni wangu wamekaa hapa tangu mchana. Kila mmoja ametumwa na tajiri wake." Akaniangalia kuanzia viatu, akapanda polepole. "Baba, hao matajiri watatu ndio wewe?"

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe akacheka. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona akicheka mbele yangu. Alicheka mpaka akatafuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Akifuta machozi akinitazama, anaanza upya. Na pamoja na aibu yangu yote ile, nakuambia kweli, sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi.

"Haya," akasema alipopata pumzi. "Bei ya juu kabisa ameitaja huyu mwenye pikipiki. Basi ni hiyo."

"Mama, bei hiyo nimeipandisha mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana ni yako."

Madalali wakacheka chini chini. Mimi nikaona hakuna la kuficha tena.

"Mama, nisipopeleka mayai haya, Ijumaa sina kazi."

Akaacha kucheka. "Mwanangu anajua?"

"Anajua."

Aliinuka kwenye ndoo, akajipangusa, akafungua mlango wa chumba cha pembeni. Kesho Asubuhi hakudanganya. Yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani.

"Utanipa bei ya Jumatatu," akasema bila kunitazama. "Na nyinyi watatu, acheni kununa, bebeni. Mtapewa soda."

Nilishindwa hata kumshukuru vizuri. Nikabaki nasema "mama, mama" mpaka Upepo akanisukuma na trei.

"Mama, na ya Jumamosi? Madaktari wanalala siku mbili."

"Ijumaa mchana utayapata."

"Kwani kuku wameongezeka?"

"Kuku wanataga, baba. Wewe beba."

Nikabeba. Mnunuzi aliyekwisha kupata mzigo haulizi maswali, na hilo nalo wanunuzi wote wanalifanya na wote wanalikana.

Ijumaa asubuhi ukumbi wa chakula ulipendeza. Mpishi mkuu alipanga mayai ya kuchemsha kama kichuguu katikati ya meza, sauti yake imerudi kuwa nene kidogo. Madaktari wakaingia na njaa ya watu waliowapigia wengine marufuku. Kiongozi wao alikuwa mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwenye mnyororo. Akachukua yai, akaligonga mezani, akalimenya bila kuacha hata ganda, akalipasua, akatazama kiini, akala. Akachukua la pili. Kwenye la tatu akamwita meneja.

"Wiki kama hii, mayai mazuri namna hii mmeyatoa wapi?"

Meneja aliniwekea mkono begani. Hajawahi. "Mnunuzi wetu huyu, Daktari. Ana mfugaji wake, upande huu huu wa daraja."

"Safi sana. Tunatafuta banda la mfano, wenzetu waone jinsi ugonjwa unavyozuiwa. Tukimaliza chai utatupeleka. Basi lipo nje."

"Tutakwenda wote," meneja akasema. Kisha akaninong'oneza, na kwa mara ya kwanza tabasamu lake lilikuwa la mtu wa kawaida: "Tukirudi, majaribio yako yamekwisha. Umeajiriwa."

Nilitoka hadi kwenye korido miguu haigusi sakafu. Nikampigia mke wangu. Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa inanguruma.

"Mwambie mama afagie uani. Tunakuja kumtembelea."

"Wewe na nani?"

"Madaktari wa mifugo."

Cherehani ikanyamaza.

"Wangapi?"

"Basi zima. Wanataka kuona kuku wake."

"Wazuie."

"Niwazuie vipi? Nimeajiriwa!"

"Mume wangu," akasema, na anaponiita hivyo badala ya bosi najua nimekwisha, "unadhani mama ana kuku wangapi?"

"Wengi."

"Umewahi kuwaona?"

Nikafikiri. "Nimewahi kuwasikia."

"Hawafiki arobaini. Yale mayai ni ya mama mdogo."

Mama mdogo ni dada yake mama mkwe. Anaishi ng'ambo ya mto. Nikaegemea ukuta.

"Yamevukaje daraja? Askari wanapekua kila gari!"

"Magari, ndiyo. Kwaya hawapekui."

Kwaya ya kina mama, akanieleza harakaharaka, hufanya mazoezi ng'ambo. Wanavuka daraja kwa miguu, wamevaa majoho marefu, kila mmoja na kikapu chake kichwani, wanaimba. Askari wanawapisha na kuwapigia makofi. Kwa kawaida mazoezi ni mara moja kwa wiki. Wiki hii wamefanya kila siku.

"Na wewe ulijua?"

"Mimi ni sauti ya pili," akajibu kwa unyonge.

"Umebeba mayai ya magendo kichwani!"

"Nilijua ni ya tajiri! Mama alisema tajiri huyu ametumwa na Mungu, tutapata cherehani ya umeme. Tajiri mwenyewe ni wewe nimejua juzi usiku, na wewe ulisema nisikutajie mayai ya mama mpaka ufe."

Mtu unamkasirikiaje mke aliyekutii?

"Na leo je?" nikauliza. "Mama aliniahidi ya Jumamosi."

"Wamevuka alfajiri, mimi nimebaki na mishono. Wako njiani wanarudi. Ngoja nikimbie niwawahi." Simu ikakatika.

Ugonjwa ule haumdhuru mtu anayekula yai, hilo Daktari mwenyewe alilisema kwenye redio. Lakini unasafiri kwa trei na vikapu, ukiingia bandani haubakizi kuku. Kwa hiyo wangegundua, kuku wa mama mkwe wangeangamizwa, hoteli ingeandikwa kwenye gazeti hili hili, na mimi nawajua watu wa kutolewa kafara hotelini. Huwa tuko karibu na stoo.

Ndani ya basi nilikaa mbele, pembeni ya Daktari. Nikajitahidi.

"Daktari, njia hiyo ni mbaya sana."

"Tumezoea."

"Mfugaji mwenyewe nimesikia anaumwa."

"Pole yake. Hatutamsumbua, tutaangalia kuku tu."

"Ni mkali sana kwa wageni."

"Wafugaji wazuri wote ni wakali," akasema, huku macho yakimng'aa.

Tukafika. Meneja akashuka wa kwanza na kulishangaa geti. Mama mkwe alitupokea kwa heshima zote, ingawa niliona anachungulia barabarani kila mara juu ya mabega yetu. Daktari akavaa buti za mpira, akaingia bandani, akasifu pumba zilizokauka, akasifu maji masafi. Kisha akaanza kuhesabu kwa kidole. Hakuchukua muda mrefu.

"Mama, kuku wako ni hawa tu?"

"Ni hawa, mwanangu."

"Na yale mayai yote ya hotelini yametagwa na hawa?"

Mama mkwe akanitazama. Nilidhani nitaona ukali wake wa siku zote. Lakini midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Hayo," akasema, "mwulize mkwe wangu."

Meneja akageuka kama aliyechomwa. "Mkwe?"

Wote wakanitazama, basi zima la watu wenye buti. Nami nikawa namtazama mama mkwe. Mwanamke huyu hajawahi kuniachia hata kumbebea ndoo ya maji, akiamini nitaimwaga. Leo ameniachia kuku wake wote na jina lake, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Nikamwonea huruma, na nikamwonea fahari, na kazi yangu nikaiona inapita mbele yangu, inakwenda.

"Daktari," nikasema, "mayai yametoka ng'ambo. Niliyatafuta mimi, nikayaleta mimi. Mama huyu hajui lolote. Niliomba kuyaweka kwenye chumba chake tu."

"Mwongo!" Mama mkwe akapaza sauti. "Mwongo mkubwa huyu! Daktari, usimsikilize. Nimeyaleta mimi. Yeye hata kuku wangu hajawahi kuwaona."

"Mama, tafadhali, nyamaza."

"Ninyamaze kwangu? Kijana wa watu ndio kwanza amepata kazi, nikuache uipoteze kwa ajili ya mayai?"

Meneja alikuwa anamtazama huyu, anamtazama yule, na tabasamu lake lile la kwanza limeanza kurudi. Daktari akavua miwani. Akaiacha ining'inie.

"Mtagombania baadaye ni nani," akasema. "Mimi nina swali moja tu. Daraja nimelifunga mwenyewe. Kila gari linapekuliwa. Haya mayai yamepitaje?"

Mimi nilitazama viatu vyangu, mama mkwe akatazama mashine ya kusaga.

Ndipo tukasikia wimbo.

Walikuwa wanakuja barabarani, kina mama ishirini kwa majoho meupe, kila mmoja na kikapu kichwani, na naapa sijawahi kuisikia kwaya ile ikiimba vizuri namna ile. Madaktari walio karibu na geti wakaanza kupiga makofi.

Mbele yao, akitembea kinyumenyume, hawezi kupiga kelele kwa sababu basi ameshaliona, anapunga mikono yote miwili kuwaambia warudi, warudi, nao wamemkazia macho kwa furaha, wanadhani anawaongoza na kila akipunga wanazidi kupaza sauti, alikuwa mke wangu.